Viti Visivyo na Namba

Mpwa wangu hufanya kazi katika chumba cha kufulia cha hospitali kubwa, na wenzake wamempa jina la Rula. Mpe mashuka mawili ayakunje, uyaweke moja juu ya jingine, na ncha zake zitalingana kama kurasa za kitabu kilichotoka kwenye mashine ya kukatia. Nasema hivyo nikijua ninachosema. Nilipanga herufi za risasi katika kiwanda cha chapa kwa miaka thelathini na minne, kabla herufi hazijageuka vivuli kwenye kioo, na jicho langu lilifundishwa kuona upotovu wa unywele. Katika kazi ya Rula sijauona.

Ana miaka thelathini na mmoja. Mama yake, dada yangu, alifariki akatuachia nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya maseremala, na wasia wa neno moja: "Usimharakishe." Wasia huo niliusikia kwa sikio moja. Rula alipokuwa mtoto nilikuwa nimempiga kofi zaidi ya mara moja kwa kuwaamkia wakubwa huku akitazama vifungo vya mashati yao. Niliita utovu wa adabu. Watoto wa jirani walimwita Bubu, naye hakuwa bubu, alikuwa akisubiri wamalize kupiga kelele.

Jina la hali yake tulilipata amefika miaka ishirini na tisa. Daktari mmoja wa hospitali hiyo alimwona kwenye foleni ya chakula ameziba masikio kwa pamba, akamwita, akakaa naye mara tatu. Usonji, alisema. Mimi niliacha shule darasa la nne, nikajisomesha kazini, tena kinyumenyume, maana herufi za risasi hupangwa kichwa chini. Nimepanga maneno ya magazeti, ya sheria, ya dini na ya matangazo ya sabuni. Hilo sikuwahi kulipanga.

"Siku zetu hapakuwa na kitu hicho," nilimwambia Rula.

"Siku zenu nilikuwepo, Mjomba," alijibu. "Nilikuwa na miaka saba ukanipiga kofi."

Hakusema kwa kinyongo. Alikuwa akisahihisha tarehe.

Kwa miaka tisa alikwenda kazini kwa treni ya zamani. Acha niieleze, maana walioipanda wanapungua. Kila kiti kilikuwa na kibati chenye namba, na namba hiyo hiyo iliandikwa kwenye tiketi ya karatasi ngumu. Ukimkuta mtu amekaa kwako ulisema, "Samahani, ni namba yangu," naye akainuka bila ugomvi. Mkaguzi wa tiketi alikuwa mtu wa makamo mwenye kofia, na kila alipoingia behewa alisalimu kwanza, akaitikiwa, ndipo akaanza kazi. Mkaguzi huyo alijua kwamba dada wa hospitali, yaani Rula, kiti chake ni ishirini na saba, behewa la pili, dirishani. Hakuuliza sababu. Watu hawakuhitaji daktari aandike ndipo wamwachie mtu dirisha lake.

Mwishoni mwa mwaka jana treni hiyo iliondolewa. Iliyoletwa inang'aa. Viti vyake ni vichache, vimepangwa ukutani, havina namba, na abiria wengi husimama wameshika mabomba ya chuma. Milango hulia kama mtoto aliyebanwa kidole. Kuna sauti ya mwanamke darini inayotangaza kituo mlichokwisha kukipita, kisha inaimba tangazo la mafuta ya nywele. Hakuna mkaguzi, kuna mashine. Tuliambiwa ni maendeleo, na ole wake asiyepiga makofi.

Huenda mtu akadhani Rula anaogopa kelele. Mashine za kufulia zinanguruma kutwa na hazimsumbui. Nilimuuliza imekuwaje.

"Mashine inasema neno moja tu," alisema. "Watu wanasema maneno mengi, halafu wananigusa."

Siku ya kwanza ya treni mpya alisimama kituoni, milango ikafunguka mbele yake mara nne na kufungwa mara nne, naye hakuweza kuinua mguu. Akaenda kwa miguu kando ya reli. Alifika saa nne badala ya saa moja. Siku ya pili ilikuwa ya mapumziko yake; ya tatu ikawa vivyo hivyo. Sasa hospitalini meneja mpya alikuwa ameweka mashine ya kuwekea kidole mlangoni, inayoandika saa ya kufika, na ubaoni alibandika tangazo: atakayechelewa mara tatu ndani ya mwezi, kazi hana. Msimamizi wa chumba cha kufulia, mwanamke wanayemwita Mama Mvuke kwa miaka aliyokaa mle ndani, alimshika Rula kando.

"Mwanangu, mimi ningekuficha. Lakini hicho kidole chako hakijui kusema uongo. Umebakiza mara moja."

Rula aliniletea habari hiyo jioni, akaisema mara mbili kwa maneno yale yale. Kwake chumba kile si kazi tu. Ni mahali pekee nje ya nyumba hii ambapo hakuna anayemwambia abadilike. Nikamwambia nitamsindikiza.

Asubuhi tulipanda treni ya saa kumi na mbili na dakika ishirini. Nilimtanguliza, nikamsukuma mgongoni kwa kiganja, jambo ambalo sikupaswa kulifanya. Ndani watu walikuwa wamesimama pua kwa kisogo. Rula alishika bomba kwa mikono miwili, akafumba macho, akaanza kuguna kwa sauti moja isiyopanda wala kushuka, kama friji kuukuu.

"Dada, sogea huko ndani, bado kuna nafasi!" alisema mwanamume mmoja mwenye mkoba wa ofisi.

Rula alifungua macho, akatazama ndani. "Hakuna nafasi," alisema.

"Kwani behewa umelirithi kwa baba yako?"

"Hapana. Baba yangu alikuwa fundi bomba."

Watu wakaangua kicheko. Yeye hakuwa amefanya mzaha, alikuwa amejibu swali.

"Asiyetaka kuguswa apande ndege," sauti ya mwanamke ikatoka nyuma.

"Hata kwenye ndege wanabanana, mama," mwingine akamjibu, "ila wenzetu wanabanana wamekaa."

Niliona vidole vya Rula vimekuwa vyeupe kwenye bomba. Nikainama sikioni mwake. "Jikaze, mwanangu."

"Jikaze, dada, tunakaribia," akadakia mama aliyekuwa pembeni. Hata yule wa mkoba, huruma ilipomfikia kwa kuchelewa, akasema, "We jikaze tu."

Hilo ndilo neno letu. Msibani jikaze, chumba cha uzazi jikaze, ukiachishwa kazi jikaze. Tunaligawa ovyo kwa kuwa halitutoki mfukoni.

Alifika saa moja kasoro dakika kumi. Alipofungua viganja mlangoni kuweka kidole, niliona alama nyekundu za kucha, nne kila mkono.

Jioni, nikiwa navua viatu, aliniuliza, "Mjomba, kujikaza ni kukaza nini?"

"Ni kukaza moyo."

"Moyo ukikazwa unasimama."

"Ni namna ya kusema, Rula."

"Nimekaza mikono, haikusaidia. Nikakaza meno, kichwa kikauma. Watu watatu mmeniambia nijikaze na hakuna aliyesema wapi."

"Usinichoshe," nilimwambia. Nilikuwa nimesoma kamusi kutoka mwanzo hadi mwisho zaidi ya mara moja, na neno hilo nilikuwa nimelipita tu.

Asubuhi iliyofuata alitoka chumbani amesimama wima kuliko kawaida. Mashuka ya hospitali yakichakaa hupasuliwa kuwa matambara, na wafanyakazi huruhusiwa kuyachukua. Alikuwa amechukua utepe wa upana wa kiganja akauzungusha mwilini chini ya gauni, toka kwapani hadi kiunoni, mizunguko minane, ameubana sawasawa, kwa mikunjo iliyonyooka kama kawaida yake.

"Nimejikaza," alisema.

Nilicheka hadi nikakohoa. Nikamweleza kuwa neno amelikosea, kwamba halina uhusiano na matambara. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akachukua mkoba wake tukaondoka.

Ndani ya treni hakuguna. Alishika bomba kwa mkono mmoja, na mkono ule haukuwa mweupe. Alinieleza baadaye, kwa subira ambayo mimi sikumwonyesha: viwiko vya watu vinamgusa hapa, mara pale, na kila kimoja kinamshtua kama kipya. Kitambaa kinamgusa kote, wakati wote, mahali pale pale. Kikishika sawasawa, viwiko vinakuwa vidogo.

Basi alikuwa amekosea neno, na kosa hilo likamfikisha kazini siku kumi na saba za kazi mfululizo. Nami nilikuwa pembeni yake siku zote hizo, nikiwasema abiria kimoyomoyo, na mara nyingi si kimoyomoyo: wanaoongea na simu kama wanaita mbuzi, wanaokaa huku wajawazito wamesimama, wanaopanda bila kusalimu. Niliamini kwamba namlinda.

Siku ya kumi na nane treni ilisimama katikati ya vituo viwili, juu ya daraja. Taa zikazima, feni zikazima. Ile sauti ya darini nayo ikanyamaza, na hilo ndilo jema pekee ninaloweza kulitaja. Dakika kumi zikapita. Kisha kila mtu akatoa simu, na watu sitini wakasema sentensi moja kwa nyakati sitini tofauti: niko kwenye treni, imekwama, niko kwenye treni, imekwama. Hewa ikawa nzito. Rula akaanza kuguna, kisha mguno ukakatika, pumzi zikawa fupi fupi.

Mama mmoja aliyekuwa na kapu, mwenye nia njema kabisa, alimshika mgongoni kumpoza. Mkono wake ukakutana na kitambaa.

"Jamani, huyu dada kafungwa! Kajifunga matambara mwili mzima! Atapumua vipi? Tumlegeze!" Na akaanza kushusha zipu ya gauni.

Rula alipiga kelele ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mzima.

"Mapepo hayo," mtu akasema.

"Kalewa. Asubuhi yote hii!"

"Ni mimba anaificha," mwanamke akamnong'oneza mwenzake, na mnong'ono huo ukazunguka behewa zima haraka kuliko umeme ulivyokatika. Nikaona simu moja imeinuliwa juu ya vichwa, inachukua video.

Miaka miwili nilikuwa na lile neno la daktari, na sikuwahi kulitamka mbele za watu. Nikiulizwa nilisema hajisikii vizuri. Nilikuwa nikiona aibu, na aibu hiyo niliipa jina la siri za familia. Siku hiyo nilijipenyeza kati ya Rula na yule mama, nikauondoa mkono wake.

"Mwacheni! Ana usonji! Msimguse, msimfungue, msimsemeshe!"

Yule wa mkoba wa ofisi, ambaye tulikuwa tumeshazoeana kwa sura, akaniuliza bila kejeli, "Usonji ndiyo nini, mzee?"

Asiyejua maana haambiwi maana, ndivyo ninavyopenda kuwaambia vijana. Sasa maana ilikuwa ikitakiwa kwangu, na nilipofungua mdomo nilikuta sijui. Sikuwa nimeuliza hata siku moja.

Aliyejibu ni Rula, paji la uso likiwa kwenye kioo cha mlango, macho ameyafumba. "Nawasikia wote," alisema. "Kila mmoja. Hakuna anayekuwa mdogo."

Behewa halikunyamaza mara moja. Lilinyamaza kwa mafungu, kwanza waliokuwa karibu, kisha walionyamazishwa na waliokuwa karibu. Yule mama mwenye kapu akasema, "Basi, mwanangu, basi," halafu akajiziba mdomo kwa kiganja chake mwenyewe. Mwashi mmoja mwenye saruji kwenye nguo alimpa Rula mgongo, akashika mabomba ya pande zote mbili kwa mikono iliyonyooka, akawa ukuta. Kati ya mgongo wake na mlango pakapatikana nafasi ya mtu mmoja kusimama bila kuguswa. Alisimama hivyo dakika ishirini na tano. Treni ilipoondoka na kufika kituo chake alishuka bila kuaga, na mimi, mzee wa adabu, sikukumbuka hata kumshukuru.

Rula aliweka kidole saa moja na dakika arobaini. Mara ya tatu.

Tuliitwa ofisini kabla hajavaa aproni. Niseme kweli, aliyeitwa ni yeye, mimi niliingia bila kuitwa. Meneja yule umri wake haufiki wa viatu vyangu vya sikukuu. Alituambia tuketi, na kwa upole, jambo lililonitia hofu zaidi.

"Kuchelewa kwa leo kumesamehewa kwa wote wa treni ile," alisema. "Suala si hilo." Akageuza simu yake mezani; video ya behewani ilikuwa imeshamfikia. Nilijiona humo, mdomo wazi, mate yananitoka, nikipiga kelele: ana usonji. "Mzee, ni wewe huyu. Mtu anayeweza kuanguka wakati wowote siwezi kumweka kwenye roli la moto la kunyooshea mashuka. Ni kwa usalama wake. Apumzike nyumbani."

Neno nililolitoa kumkinga lilikuwa limetutangulia, likafika kabla yetu, likawa la kumfukuzia.

Mama Mvuke, aliyekuwa amesimama mlangoni, akakunja mkono wa gauni lake hadi kiwikoni. Makovu matatu ya kuungua. "Haya ni yangu, bosi, na mimi sina neno la daktari. Muulize Rula akuonyeshe yake."

"Sina," alisema Rula, akanyoosha mikono yote miwili mbele, kama mtu anayepekuliwa.

"Mama, sheria ni sheria."

Hapo mimi nikaanza. Nilimwambia meneja juu ya treni ya zamani, juu ya mkaguzi aliyesalimu kwanza, juu ya nchi inayong'oa namba kwenye viti kisha ikamlaumu aliyekosa pa kukaa. Nilikuwa nimefika kwenye vibati Rula aliponikatiza.

"Mjomba, hilo hajauliza." Kisha akamgeukia meneja, akatazama kifungo cha pili cha shati lake. "Zamu ya saa nne ina watu wangapi?"

"Sita. Wanatakiwa saba. Hakuna anayeitaka, inaisha saa moja usiku."

"Treni ya saa tatu na robo haifiki watu thelathini kila behewa. Ya kurudi, saa moja na nusu, haifiki arobaini. Nimekwenda kituoni siku zangu za mapumziko kuzihesabu. Mara nne. Naitaka hiyo zamu."

Mimi nilidhani siku hizo alikuwa akitembea tu kunyoosha miguu.

Meneja akazungusha kalamu. Mwisho akasema mwezi mmoja wa majaribio, kwenye meza ya kukunjia, si kwenye roli. Alete barua ya daktari. Akianguka au akichelewa hata mara moja, basi.

"Mara moja kuanzia leo au kuanzia kesho?" Rula aliuliza.

Meneja akamtazama, akaona hafanyiwi mzaha. "Kuanzia kesho."

"Sawa."

Kesho yake saa mbili na nusu nilikuwa nimeshavaa viatu. Rula alikuwa mlangoni, amejifunga kitambaa chake, mkoba begani.

"Mjomba, usije."

"Kwa nini nisije?"

"Unalalamika njia nzima. Wengine siwajui, naweza kuacha maneno yao yapite. Yako lazima niyaelewe. Nasikiliza behewa, halafu nakusikiliza wewe, nachoka kabla sijafika."

Kwa siku zote hizo nilikuwa nimemwongezea mzigo nikidhani nampokea. Nilikaa kwenye kiti nikavua viatu, kimoja baada ya kingine, na yeye akangoja nimalize, kisha akaaga na kuondoka.

Mwezi wake haujaisha ninapoandika haya. Jana alirudi, akakaa mezani, akanieleza bila kuulizwa kwamba behewa lilikuwa na watu ishirini na wawili, na mmoja wao alikuwa akihubiri kwa kipaza sauti. Alivumilia vituo viwili. Cha tatu alishuka, akasubiri treni ya nyuma yake, akapanda hiyo.

"Ulifika saa ngapi?"

"Saa nne kasoro dakika tatu."

Nilikuwa na mengi ya kusema juu ya watu wanaohubiri kwenye treni, na juu ya walioruhusu. Nikamuuliza kama atakula.

"Baadaye," alisema. "Bado siku tisa. Kuanzia kesho nitatoka dakika kumi mapema, ili nikishuka tena niwahi."